Mshono wa Generoza

Mke wa Makarius alikuwa na mkasi ambao hata Makarius mwenyewe hakuruhusiwa kuugusa. Ulikuwa mkasi mkubwa wa kukatia nguo, wa chuma cheusi, mzito, na ulining'inia kwenye msumari juu ya cherehani katika kibanda chake cha ushonaji pale Mikumi, upande ule wa barabara kuu ambako malori hupunguza mwendo. Ole wako uukatie karatasi. Ole wako zaidi uukatie plastiki. Mkasi wa nguo ukikata kitu kingine unaisha makali, na Generoza alikuwa radhi umkosee yeye kuliko uukosee mkasi wake. Makarius aliwahi kuukatia utepe wa kufungia nyaya, mara moja tu, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia kibandani alisomewa kesi hiyo upya, mshtakiwa akiwa amekaa papo hapo anacheka.

Kornelio aliijua kesi hiyo kwa sababu alikuwepo, kama alivyokuwepo kwenye mambo mengi ya nyumba ile. Yeye na Makarius walikuwa mafundi umeme wa mkandarasi mmoja mwenye ofisi Kilosa mjini, na kwa miaka mingi walipangwa gari moja: leo mashine ya kusaga huko Rudewa, kesho pampu ya maji Ruhembe katikati ya miwa, keshokutwa nyumba ya wageni Mikumi ambayo mwenyewe ameunga nyaya kwa kiburi chake na sasa anashangaa moshi unatoka wapi. Walizeekea kwenye viti vya mbele vya gari lile. Generoza alimwita shemeji, yeye alimwita shemeji, na alikula ugali wa nyumba ile mara nyingi kuliko ndugu wa damu.

Kazi zao karibu zote walizifanya umeme ukiwa umezimwa, kama inavyotakiwa. Unazima, unafunga swichi kwa kufuli, ufunguo unatia mfukoni mwako mwenyewe, unapima kwa testa, ndipo unagusa. Lakini ziko kazi chache ambazo kuzima hakuwezekani, na waya inabidi uushike ukiwa na moto wake. Hapo ndipo zinapotolewa glavu. Zinavaliwa mbili mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ni ya mpira, inapanda mpaka karibu na kiwiko, na hiyo ndiyo inayozuia umeme usikufikie. Ya nje ni ya ngozi, na kazi yake ni moja tu, kuulinda mpira usitoboke. Mpira ukipata tundu, hata lile ambalo jicho halilioni, hiyo si glavu tena, ni pambo.

Kwa hiyo kabla ya kuvaa, unautoa mpira kwenye ngozi, unaupuliza, unaukunja mdomo wake kama mtu anayefunga mfuko wa sukari, vidole vinatuna, halafu unausogeza shavuni. Shavu linasikia upepo ambao sikio halisikii. Mafundi wote wanaijua hatua hiyo. Makarius aliongeza sheria yake: mtu hapulizi glavu zake mwenyewe. Wanabadilishana. "Zangu nitazionea huruma," alisema. "Za kwako nitazikagua kama trafiki aliyeamka vibaya." Na kweli alizikagua hivyo. Kornelio alipozoea, akaona ni kitu kizuri, kusimama mbele ya mwenzako umeegemeza shavu kwenye glavu yake, unasikiliza kama maisha yake yanavuja.

Jumamosi moja walichelewa kazini Ruhembe, na gari lilipopita Mikumi Makarius akateremkia nyumbani na mfuko wa glavu mkononi. Hilo halikuwa sahihi. Glavu hazilali nyumbani kwa mtu, zinalala stoo, mbali na jua na panya na watu. Lakini Kilosa ilikuwa mbali, mwili umechoka, na nani angejua? Kornelio alimwona akishuka na ule mfuko, akampungia mkono, akasema wasalimie nyumbani.

Jumatatu mvua iliamka nao. Walikuwa wamepangiwa kazi nyingine kabisa, simu ikaita wageuze gari waende zahanati moja njia ya kijiji cha Ulaya, kabati la umeme linatoa moshi. Walifika magurudumu yakiwa yamejaa tope. Wakashusha vitu kwenye mvua, wakakimbilia ndani na mifuko kichwani. Makarius alifungua mlango wa kabati, akalimulika kwa tochi, akaguna. Skrubu za waya mkubwa unaoingia zilikuwa zimelegea, na pale zilipolegea plastiki ilishaanza kuyeyuka.

"Tuzime," alisema Kornelio.

"Msizime!" Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imetanda kama mtu anayezuia ng'ombe wasitoke. Akawaelekeza kwa kidevu chumba cha pili. Kitandani alilala mtoto mdogo wa kiume, kifua kinapanda na kushuka kwa taabu, mrija puani, na pembeni mashine ya hewa ikivuma. Mama yake, mwanamke wa kifugaji aitwaye Naeku, alikuwa ameshika mguu wa mtoto huyo kwa mikono miwili. Mashine ilikuwa ya umeme. Jenereta lilikuwa limefunguliwa, vyuma vyake vimetandazwa kwenye gunia uani. Gari la kumpeleka mtoto Kilosa lilikuwa njiani, limekwamishwa na mto uliojaa.

Makarius na Kornelio walitazamana. Hawakubishana. Wenye watoto hawawezi kubishana juu ya jambo kama lile.

Walifanya kila kitu. Hili Kornelio alilirudia baadaye mbele ya kila aliyeuliza, na hata mbele ya wasiouliza: walifanya kila kitu. Walitandika mkeka wa mpira sakafuni. Makarius alivaa ngao ya uso, akavua saa, akatoa bisibisi yenye mpini wa mpira. Kornelio alishika ile fimbo ndefu yenye ndoano ya kumvutia mtu, maana mwenzako akinaswa humshiki kwa mkono, mtakwenda wote wawili. Kisha wakabadilishana glavu ili wapulize.

"Hebu tazama kwanza kazi ya shemeji yako," alisema Makarius.

Ngozi ya mkono wa kushoto ilikuwa imechanika tangu wiki iliyopita, pale kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Sasa ilikuwa imeshonwa. Mshono ulikuwa mdogo mdogo, umelala kwenye mstari, kama vile glavu ilitoka nao kiwandani, ila kwa rangi tu, kwa sababu uzi ulikuwa wa buluu, ule wa sketi za shule.

"Nilikuwa kanisani, nimerudi nakuta kamaliza," Makarius alisema, na uso wake nyuma ya ile ngao ulikuwa uso wa bwana harusi. "Eti mume wa fundi cherehani hawezi kutoka na kitu kilichochanika. Watu watasemaje!"

Kornelio aliupitishia kidole ule mshono. Akacheka, akamwambia sasa amevalishwa sare, bado kupelekwa darasa la kwanza. Makarius akacheka pia. Ndipo Kornelio alipoanza kuushika mpira autoe, na muuguzi akapiga kelele kutoka chumbani kwamba taa inafifia, mashine inakatakata, jamani mnafanya nini huko! Mikono ya Kornelio ikamrudishia mwenzake glavu zake. Hakuamua kutokupuliza. Mikono ilirudisha tu, na Makarius akavaa.

Skrubu ya kwanza ilikaza vizuri, ya pili vizuri. Taa ikarudi kuwaka sawasawa, na kutoka chumbani mashine ikasikika inavuma kama inavyopaswa. Ya mwisho ilikuwa kaidi, waya ukawa unachezacheza, na Makarius akaushika kwa mkono wa kushoto kuutuliza, katikati ya dole gumba na kidole cha shahada. Bega la kulia likaegemea mlango wa chuma wa kabati. Ngozi ya glavu ilikuwa imelowa mvua tangu nje.

Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu akinaswa na umeme hupiga kelele. Alikaza tu, kama mtu anayesikiliza jambo kwa makini sana. Kornelio alimtia ndoano ubavuni akamvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote nje ya mkeka. Akamkandamiza kifua, muuguzi akaja akampa pumzi, wakabadilishana, wakabadilishana tena, mikono ikafa ganzi. Walipoacha, ni muuguzi aliyeacha. Kornelio yeye aliendelea mpaka alipovutwa bega.

Mashine ya hewa haikukatika.

Wakati wanasubiri watu kutoka Kilosa, muuguzi amekwenda kutafuta shuka, Kornelio alimvua rafiki yake glavu. Ya kulia ilitoka vizuri, ngozi kwake na mpira kwake. Ya kushoto ilitoka mkononi, lakini alipotaka kuutoa mpira ndani ya ngozi, ukagoma. Akavuta. Ukagoma tena, umeshikwa mahali pamoja tu, pale kwenye dole gumba. Akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akaona. Miongoni mwa ile mishono midogo mizuri, mmoja ulikuwa umepita mpaka ndani ukaushona mpira pamoja na ngozi. Generoza alikuwa ameuacha mpira ndani wakati anashona, ili ngozi ikae na umbo la mkono. Fundi yeyote wa nguo angefanya hivyo hivyo. Na ule uzi, ukishalowa maji, uliuingiza umeme kwenye tundu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa.

Kama angeuvuta ule mpira kabla, ungegoma. Wangejua palepale, bila hata kupuliza.

Kornelio alilia akiwa amepiga magoti, halafu akafanya jambo alilolifanya bila kushauriana na mtu. Alitoa kisu, akakata ule uzi wa buluu, akauchomoa wote, kipande kwa kipande, akautia mfuko wa shati. Ngozi ikabaki na mpasuko wake wa zamani. Msimamizi wao, Deogratias, alipofika, Kornelio alimwambia mambo mawili. Kwanza, sikupuliza. Pili, ncha ya waya imepenya palipochanika ikatoboa mpira. La kwanza lilikuwa kweli tupu, na kwa sababu la kwanza lilikuwa kubwa kiasi kile, hakuna aliyelichunguza la pili. Walimwondoa kwenye kazi za umeme wenye moto, wakamweka stoo agawe vifaa. Hakujitetea. Aliona ni kidogo.

Makarius alizikwa kwao, milimani juu ya Kilosa. Msiba ulikuwa na watu wengi na maneno mengi, maana kuna watu msibani huja na midomo tu. Wakulima wa kule wana madonda yao na wafugaji, mahindi yameliwa na ng'ombe, mipaka imesogezwa, na haikuchukua muda mtu akasema kwa sauti ya kusikika kwamba fundi wa watu amekufa kwa ajili ya mtoto wa wenye ng'ombe. Wengine waliitikia kwa kichwa. Kornelio alitamani kumpiga mtu.

Naeku alikuja. Alikuja na mumewe Kulet na mtoto mgongoni, wakaketi mbali, karibu na ua, mtoto mapajani, na kibuyu cha maziwa wamekiweka mbele yao chini, hawajui wampe nani. Hakuna aliyewakaribisha. Generoza mwenyewe ndiye aliyeinuka kwenye mkeka wa wafiwa, kanga mbili mwilini, akatembea mpaka kule.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Kimaren," alisema Naeku.

Generoza akamshika mtoto kifuani, kiganja kizima, akakiacha pale mpaka akasikia pumzi inaingia na kutoka. Kisha akachukua kibuyu, akashukuru, akarudi mahali pake.

Jioni, watu wamepungua, akamwita Kornelio. Alikuwa amelia mpaka sauti imebaki ya kunong'ona.

"Shemeji. Ule mshono wangu, alikuonyesha?"

Kornelio alihisi uzi unamuunguza mfukoni. Alitembea nao tangu siku ile, hakuweza kuutupa wala kuutazama.

"Alinionyesha. Alijivuna nao sana."

Na Generoza, mke wa rafiki yake, ambaye tangu mwili ulipofika alikuwa hajala wala hajafumba macho, alitabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, likaondoka haraka, lakini Kornelio aliliona, na alipoliona alijua kwamba hatamwambia. Leo wala kesho. Ataondoka na siri hiyo duniani. Alimwachia mwanamke yule kitu kimoja katika msiba mzima, kwamba kazi ya mwisho ya mikono yake kwa mumewe ilimfurahisha, na hakuona ni nani hapa duniani mwenye haki ya kumnyang'anya.

Nadhani na wewe ungefanya vivyo hivyo. Mimi ningefanya. Ndiyo maana yaliyofuata yanauma.

Arobaini ilipita. Kornelio alikuwa akienda Mikumi kila alipopata nafasi, anabeba hiki na kile, anarekebisha bawaba ya mlango, anamsaidia binti yao Yudith hesabu zake za shule asizoziweza hata yeye. Siku moja mchana alikuta Generoza amerudi kwenye cherehani. Moyo ukamtulia. Mtu akirudi kwenye kazi yake, kuna tumaini. Mkasi ulikuwa kwenye msumari wake, malori yanapita nje, na mama mwenye kibanda amekonda shingo lakini miwani iko puani.

"Karibu shemeji, sogeza hivyo vitambaa ukae. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Unaendeleaje?"

"Naenda hivyo hivyo. Afadhali nikishika kazi." Alikuwa anashona kwa mkono, kitu kizito, sindano ya ngozi inapita kwa kusukumwa na kidole chenye kofia ya chuma. "Halafu nina deni moyoni, nimeamua nianze kulilipa leo."

Kornelio alitazama alichoshika. Ilikuwa glavu ya ngozi. Mdomoni mwake ulichungulia ukingo wa mpira.

"Ya nani hiyo?" Sauti yake mwenyewe aliisikia kutoka mbali.

"Ya Anitha." Anitha alikuwa fundi mpya, binti aliyemaliza chuo Morogoro, ndiye aliyepewa kiti cha Makarius kwenye gari. Alikuwa mpole, mwenye kusalimia, na aliyejua kazi. "Alipita jana kunipa pole, nikaona ngozi yake imeanza kuachia hapa kwenye kidole. Nikamwambia, mwanangu, acha hiyo kwangu. Kesho akienda kazini anaipitia." Sindano ikazama, ikatoka. "Mlisema waya ulipenya palipochanika. Nimeliwaza hilo, shemeji, kila nikilala. Maana pale nilipashona. Kumbe nilishona uzi mmoja! Mstari mmoja tu, kama nashona pindo la sketi. Ningeshona mara mbili, nikarudi nyuma, waya usingepita. Makarius angekuwepo. Ni uvivu wangu. Sasa wenziwe nitawashonea mara mbili, na mara tatu. Hatakufa mtu mwingine kwa mshono wangu mlegevu."

Kornelio alikaa juu ya vitambaa. Alikuwa amemficha mtu kitu ili asiumie, na kumbe mtu huyo alikuwa ameumia kwa uongo huo huo, peke yake, kila usiku. Na si hilo tu. Binti wa watu kesho angevaa ile glavu.

Alijaribu njia fupi. "Kampuni imekataza kushona glavu, shemeji. Nipe, nitaipeleka stoo, atapewa nyingine."

"Imekataza tangu lini?"

"Tangu... sasa hivi tu."

"Kwa nini?"

Alitafuta uongo mwingine. Alikuwa nao tele, ameuandaa kwa wiki nyingi, lakini alipoufungulia mdomo haukutoka hata mmoja. Generoza alimtazama juu ya miwani. Halafu akashusha macho kwenye kile alichoshika. Alikuwa fundi tangu usichana wake, alifundishwa na masista misheni, na nguo yenye bitana ameishona maisha yake yote. Anajua sindano ikipita juu na bitana ipo chini kinatokea nini. Aliushika ule ukingo wa mpira, akauvuta kuutoa.

Ukagoma.

Akavuta tena, polepole. Mpira ulikuja kidogo, ukasimama, umeshikwa kwenye kidole. Akaukazia macho. Nje lori lilishusha gia, kibanda kikatetemeka, likapita.

"Na ya Makarius nayo ilinasa?" aliuliza.

"Shemeji, kupuliza ilikuwa kazi yangu. Ningepuliza..."

"Sikukuuliza hilo. Ilinasa?"

"Ilinasa."

Hakulia. Kornelio alitamani alie. Aliweka glavu mapajani, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia vipimo vya gauni, "Uzi wangu uko wapi?"

Kornelio aliingiza mkono mfukoni. Kwenye kikaratasi cha peremende, uzi wa buluu, vipande vipande. Generoza alivipokea, akavipanga juu ya meza ya cherehani kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, akaviona kuwa ni vyenyewe.

"Ulijua tangu siku ile."

"Tangu siku ile ile."

"Ukasema ni wewe."

"Ni mimi. Hilo sikudanganya."

"Na mimi," alisema Generoza.

Generoza alichukua kiwembe kidogo cha kufumulia, akaufumua mshono wake kwenye glavu ya Anitha, wote, mpaka mpira ukatoka mzima mkononi mwake. Ulikuwa laini, mpya, hauna kasoro yoyote ya kuonekana.

"Nionyeshe mnavyopuliza."

"Shemeji, ya nini?"

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Aliutia mpira hewa, akaukunja mdomo, akakunja tena, vidole vikatuna kama mkono wa mtu aliyenenepa. Akamkabidhi. Generoza akausogeza shavuni, akafumba macho. Kornelio alimwona akiuzungusha taratibu, kiganja, dole gumba, kidole cha kwanza, cha pili, kisha mkono ukasimama, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe ni kidogo hivi," alisema.

"Ni kidogo hivyo."

Akauacha pale pale shavuni mpaka hewa ikaisha yote na mpira ukalegea mkononi mwake. Hapo ndipo machozi yalipotoka, bila sauti, yakashuka juu ya ile glavu.

"Ikivuja hivi mnaifanya nini?"

"Inakatwa vidole hapo hapo. Asije mtu akaiokota akadhani ni nzima."

Generoza aliinuka. Akanyoosha mkono juu ya cherehani, akautoa mkasi wake mweusi kwenye msumari. Kornelio alitaka kusema tutafute mkasi mwingine, tutafute kisu, akashindwa. Mkasi ule ambao mikononi mwake haujawahi kukata ila kitambaa uliingia kwenye mpira, ukabana, ukakata. Dole gumba likaanguka sakafuni. Akaendelea na vidole vingine, kimoja baada ya kingine, bila haraka, makali yakikwaruzana kwa sauti mbaya.

Alikuwa anamalizia wakati Anitha alipochungulia mlangoni, buti zake zina tope, ametangulia siku moja kwa sababu kazi imeitishwa.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee Kornelio. Mama, nilikuwa naulizia glavu yangu, kama imeshakuwa tayari."

"Marahaba mwanangu," alisema Generoza. Aliuweka mkasi mezani, pembeni ya vile vipande vya uzi wa buluu, akasogeza vitambaa kwenye kiti cha pili. "Glavu yako nimeitoboa. Ingia ukae hapa, nikuambie baba yake Yudith alikufa kwa nini."

Anitha akavua buti mlangoni, akaingia.